Mume wangu anataka tuuze nyumba tuhamie mji mdogo wa pwani. Nikubali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko sekondari na mdogo bado yuko shule ya msingi. Tuko kwenye ndoa mwaka wa 16 sasa. Tunaishi jijini kwenye nyumba yetu wenyewe, tuliyoijenga kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mama mkwe anaishi nasi. Ana shinikizo la damu, na mwaka juzi alipata kiharusi. Mungu alimsaidia akainuka, ila mguu wa kushoto haujarudi sawasawa.

Mume wangu ni mhasibu. Ofisi yao iliwaruhusu kufanyia kazi nyumbani, na siku hizi huitwa ofisini mara mojamoja tu. Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu yangu, nina wasichana wawili niliowafundisha mwenyewe, na wateja wengi ni wale niliowashonea nguo za harusi, na mpaka leo wananiletea nguo za watoto wao.

Likizo zetu mbili zilizopita tulizitumia katika mji mmoja mdogo ufukweni. Shangazi, sitakuficha, hata mimi nilipapenda. Tulikuwa tunalala madirisha wazi. Watoto walijifunza kuogelea. Mama mkwe alikuwa anakaa barazani jioni anaongea na kila apitaye. Na mume wangu, ambaye hapa jijini huamka saa nane za usiku akaanza kuzunguka nyumba, kule alikuwa analala mpaka jua linatoka.

Tangu turudi habari ni moja tu. Kila jioni ananionyesha picha za nyumba kwenye simu. Sasa ameipata moja, hatua chache kutoka ufukweni, na bei yake ni nafuu kuliko tulivyotegemea. Dalali anataka arubuni kabla ya mwisho wa mwezi, anasema kuna mtu mwingine anaitolea macho. Mpango wa mume wangu ni tuuze nyumba ya jijini, tununue ile, na kitakachobaki kiwe mtaji wangu wa kufungua duka la ushonaji huko.

Nikiuliza maswali, ananiambia mimi ni mwoga wa maisha. Mawifi zangu wamelisikia jambo hili, na wameanza kusema kwamba namkalia kaka yao shingoni. Nikikubali na mambo yakatushinda, najua hatutaweza tena kununua jijini. Nikikataa, nitakuwa yule mke aliyemnyima mumewe pumzi. Silali vizuri, Shangazi. Nifanye nini?

Mama wa Njia Panda

---

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako na kila nikifika kwa dalali nasimama. Basi nianzie hapo. Arubuni hiyo isitoke mwezi huu. Nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini, ikauzwa nafuu, unafuu wake una sababu, na sababu hiyo muijue kabla pesa haijatoka mkononi. Huyo mtu mwingine huenda yupo kweli. Akiichukua mtakuwa mmekosa nyumba moja. Mkilipa kwa pupa mnaweza kuzikosa zote mbili.

Jambo la pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayokuambia: kuhama na kuuza ni mambo mawili. Mume wako ameyafunga pamoja, nawe umeyapokea yakiwa yamefungwa, ndiyo maana unaona huna ila kukubali yote au kukataa yote. Yafungue. Mnaweza kuhamia huko bila kuuza kitu. Ipangisheni nyumba ya jijini kwa mkataba wa mwaka, nanyi mkapange kule. Kodi itakayoingia hapa isaidie kulipa ya kule. Mwaka ukiisha mkiwa bado mnapapenda, ndipo muanze kuzungumza habari za kununua, na wakati huo mtakuwa mnaujua mtaa upi hupitiwa na maji na mtaa upi umeme hukatika kila upepo ukivuma.

Mwaka mzima, mwanangu, si miezi mitatu. Ninyi mmeenda likizo, na watu huenda likizo pwani wakati hali ya hewa ni nzuri. Mji mdogo unaoishi kwa wageni na uvuvi una sura nyingine kabisa upepo ukigeuka. Vyombo haviingii majini, nyumba za wageni zinafungwa, wafanyakazi wanarudishwa makwao, maduka yanafunga mapema. Wengine hupenda mji hasa wakati huo, kwa ule utulivu. Wengine hushindwa hata kwa mwezi mmoja. Hamjui ninyi ni wapi katika hao, na hakuna anayeweza kuwaambia. Mkipanga, mkataba useme wazi kwamba hamtaondolewa msimu wa wageni, maana wenye nyumba wengi wa miji ya namna hiyo hupangisha kwa bei ya chini miezi ambayo wageni hawapo, kisha huitaka nyumba yao wageni wakirudi.

Sasa niseme juu ya nyumba yenyewe, kwa sababu mume wako ameipenda kwenye picha, na kwenye picha chumvi haionekani. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi katika kila lita. Wimbi likipasuka linarusha matone madogo mno, upepo unayabeba mpaka majumbani, na chumvi inatua juu ya mabati, bawaba, misumari, nyaya za umeme. Hiyo mtaiona na kuibadilisha mkiwa na pesa. Ya hatari ni ile inayopenya ndani ya zege mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa pale, zege linapasuka kutokea ndani na kuanza kudondoka vipande. Mwendeapo kuitazama, msiishie sebuleni kutazama bahari. Simameni chini ya dari la baraza mwangalie juu. Tafuteni nyufa zilizonyooka kufuata nguzo na mihimili, na michirizi ya rangi ya kahawia inayotoka ndani ya ukuta. Chukueni nyundo ndogo mgonge taratibu. Mahali palipoachana ndani hutoa sauti ya uwazi, tofauti kabisa na pale palipo imara. Fungueni kifuniko cha swichi moja muone nyaya. Na kama rangi ni mpya kabisa wakati kila kitu kingine kimechakaa, ulizeni imepakwa lini na imefunika nini. Mkienda na fundi wenu, asiwe fundi aliyeletwa na dalali.

Kisima nacho kina habari yake. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake visima vikiongezeka na watu wakavuta sana, maji yakashuka kidogo tu juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Kisima kitamu wakati wa mvua kinaweza kuwa hakinyweki mwisho wa kiangazi. Waulizeni majirani, tena wale wanaofua na kupika, siyo mwenye kuuza.

Halafu bahari. Mmeiona ikiwa wapi? Maji hujaa na kupwa kila siku, lakini mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu yanajaa zaidi na kupwa zaidi, ndiyo bamvua. Sehemu nyingi bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa. Nendeni siku hizo, msimame uani saa maji yakiwa yamejaa kabisa, mwangalie mwani na takataka zimeachwa wapi. Mkiona mstari huo uko karibu na ukuta siku ambayo hakuna hata upepo, basi jueni siku ya dhoruba maji yako sebuleni. Watafuteni wavuvi wazee muwaulize ufuo ulikuwa unaishia wapi walipokuwa vijana. Wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa unapanda kama milimita 3.7 kwa mwaka. Zinasikika ndogo. Lakini kwenye ufuo tambarare kupanda kidogo kunaleta maji mbali, na pale ambapo watu wamechota mchanga wa kujengea au wamekata miti iliyokuwa inashika ufuo, bahari inasogea haraka zaidi. Nchi nyingi pia zinakataza kujenga ndani ya umbali fulani kutoka alama ya maji kujaa. Hatua chache kutoka ufukweni, ulivyoniandikia, kunaweza kuwa ndani ya eneo hilo. Nendeni ofisi ya ardhi wenyewe, na ramani mkononi, dalali abaki nyumbani kwake.

Wakati mko kwenye habari za hati, nakuuliza jambo ambalo hukuligusa. Nyumba mnayokaa sasa iko kwa jina la nani? Na hiyo mpya itaandikwa jina la nani? Mliijenga pamoja. Pesa yako ya cherehani imo ndani ya kuta hizo. Kama itauzwa siku moja, jina lako liwe kwenye karatasi ya ile itakayofuata. Kuuliza hivyo si kumtilia shaka mumeo, mwanasheria yeyote mwema atawaambia hivyohivyo mkiwa mmekaa wote wawili mbele yake.

Nije kwa kazi yako, kwa sababu katika mpango huu mzima naona kazi yake inahama naye na yako inaachwa nyuma. Yeye atafungua kompyuta kule na mshahara utaingia uleule. Wewe utaanza sifuri. Ahadi ya mtaji nimeisoma, lakini mtaji si wateja. Daftari lako la vipimo, lenye majina ya watu uliowashonea tangu wanaolewa, ndilo mali yako hasa, na halifanyi kazi mahali ambapo hakuna hata mmoja wao. Mji mdogo una watu wachache, na huenda tayari una mafundi wawili watatu wanaogawana kazi hiyohiyo ya sare za shule. Usiende pale na ubao mkubwa ukawakuta wenzio wanakutazama. Katika ziara ijayo wape siku moja. Kaa kwenye mabenchi yao, uliza kazi inaingia miezi gani na inakauka lini, wateja wanalipaje, vitambaa vinatoka wapi na vinachukua siku ngapi kufika. Uliza pia kuhusu unyevu. Sindano hushika kutu ndani ya paketi, mashine inataka mafuta mara kwa mara kuliko ulivyozoea, na kitambaa kilichokaa kabatini kinaota ukungu wa madoadoa meusi ambayo hayatoki. Unaweza kuona pia nafasi ambayo wao hawajaikamata. Nyumba za wageni zinahitaji mapazia, foronya na mito, na chumvi na jua zinavila vitu hivyo upesi, kwa hiyo kazi inarudi.

Lakini fremu ya jijini usiifunge. Una wasichana wawili. Mpe mkubwa wao mamlaka mwaka huo mmoja, mkubaliane mgawo wa mapato kwa maandishi, wewe uje kila baada ya wiki kadhaa kukata zile nguo ngumu. Mkirudi utaikuta. Msiporudi, msichana huyo atakuwa tayari ameshika usukani na unaweza kumuuzia au kuendelea naye kama mshirika.

Mumeo naye ana la kuleta mezani. Ruhusa ya kufanyia kazi mbali, imeandikwa? Kuna ofisi nyingi zilizofungua mlango huo tangu 2020 na baadaye zikawaita watu warudi. Kama ni neno la bosi tu, bosi akibadilishwa mtajikuta mko pwani bila mshahara na bila nyumba jijini. Aipate kwa barua yenye sahihi. Tena apange chumba kule wiki moja ya kazi, si ya likizo, apeleke kompyuta yake, aone intaneti inashika vipi mchana na umeme ukikatika anafanyaje.

Sasa mama mkwe. Hapa sitazunguka. Mtu aliyewahi kupata kiharusi yuko katika hatari kubwa ya kupata kingine kuliko mtu ambaye hajawahi. Kikitokana na damu iliyoganda, kuna dawa ya kuyeyusha bonge, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya kuitoa lazima kichwa kipigwe picha, kuhakikisha si mshipa uliopasuka, maana dawa hiyohiyo kwa mshipa uliopasuka inaweza kuua. Kwa hiyo kuuliza kama mji una zahanati hakutoshi. Ulizeni hospitali yenye mashine hiyo ya picha iko wapi, kisha muiendee kutoka mji huo kwa gari, usiku, mkiangalia saa. Ulizeni nani mwenye gari usiku wa manane. Kama njia peke yake inamaliza saa nne, mama asihamie pale, na hili msilipigie kura.

Watu hudhani hewa ya bahari inatosha kuwa tiba, na ukweli una pande mbili. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka 2012, uliotumia takwimu za sensa, ulikuta watu wa karibu na bahari wanasema wana afya njema kidogo kuliko wa bara, hasa kwenye maeneo yenye umaskini. Lakini mwaka 2021 Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali wa huko, alitoa ripoti nzima juu ya miji ya pwani akionyesha kwamba mingi ina magonjwa mengi zaidi na inahangaika kupata madaktari na wauguzi. Kutazama bahari kunatuliza moyo. Daktari akiwa mbali, yuko mbali.

Na mama mwenyewe anasemaje? Umeniambia alivyokuwa anakaa barazani, hukuniambia kama kuna aliyemuuliza. Muulizeni. Huenda anataka kwenda kuliko ninyi nyote, na huenda jijini ana marafiki wa kanisani au msikitini ambao hajawahi kuwataja mbele yenu kwa sababu hakudhani kuna siku atawaacha.

Watoto sina mengi. Mdogo atazoea. Mkubwa msimhamishe kwenye mwaka wa mtihani, na kabla ya kulipa ada tembeleeni shule siku ya masomo, muulize ina walimu wa masomo ya sayansi au inasubiri kuletewa.

Limebaki lililo chini ya yote haya. Mume wako halali. Anaamka saa nane za usiku anazunguka nyumba, na umeandika jambo hilo kwa sentensi moja kana kwamba ni tabia tu. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman, yule aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa vyuo wa California, kwenye jua na bahari, na wa majimbo ya kati ya Marekani yenye baridi kali. Pande zote mbili ziliamini kwamba watu wa California wanaridhika zaidi na maisha. Walipopimwa wenyewe, hawakupishana. Tunapofikiria kuhama tunaiona ile tofauti moja, bahari, na tunasahau kwamba siku nyingi tutakuwa ndani tunafanya kazi, tunapika, tunagombana juu ya ada. Kule alilala kwa sababu ya mawimbi, au kwa sababu hakuna aliyempigia simu kuhusu hesabu za mwisho wa mwezi? Kama ni simu, simu itahama naye. Muulize swali hilo taratibu, usiku mmoja ambao watoto wamelala, bila kutaja nyumba wala dalali. Muulize kinachomwamsha ni nini. Inawezekana kuna jambo la kazini hajakuambia, na pwani ndiyo njia pekee aliyoiona ya kulikimbia. Akikuambia, lishughulikieni hilo kwanza, na kama usingizi umekataa kwa miezi mingi amwone daktari.

Baada ya hapo ndipo umpe jibu lako, ambalo si hapana. Mwambie: nami napapenda, nataka twende, tupange mwaka mmoja, nyumba yetu tuiachie wapangaji, fremu yangu ibaki wazi, na hospitali tuipime kwanza kwa ajili ya mama. Mwoga wa maisha hasemi hivyo. Kama anautaka mji, atafurahi kwamba anaupata mapema hata kuliko kwa mpango wake, kwa sababu kupanga hakusubiri mnunuzi wa nyumba. Kama atakasirika na kung'ang'ania kuuza tu, basi kuna jambo jingine nyuma ya mauzo hayo, labda deni, na una haki ya kuliuliza waziwazi.

Mawifi usiwajibu wewe. Mwambie mume wako awajibu, kwa kuwa ni dada zake, na awaambie kwamba mnapanga pamoja.

Shangazi yako